Mdomo wa Korongo

9 Januari

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na kabla hujauliza: mimi ni mzima isipokuwa magoti, ambayo yananihesabia kila ngazi ya jengo hili. Binti yangu mfamasia anakusalimu. Mumewe anakusalimu pia, ingawa alikuwa amesahau wewe ni nani. Nikamwambia ni yule anayetengeneza meno ya bandia na kuzungumza na shomoro, akasema aa, yule. Kuhusu afya yako sina hofu, maana mtu asiyehangaika na lolote haugui.

Naandika kwa sababu simu unaikata. Kila hoja ikikubana unasema mtandao mbaya, na huku namsikia tetere akilia vizuri kabisa nyuma yako. Barua haina mtandao.

Jambo lenyewe ni ndege wa Mama. Nimehamia fleti ndogo, ghorofa ya pili, vyumba viwili vinavyonitosha. Seremala amenitengenezea rafu ya ukutani yenye nafasi kumi na moja, kila nafasi na kimo chake: ya bata fupi, ya korongo ndefu, ya tausi pana. Vipimo nilimpa kwa kichwa na sikukosea hata kimoja. Rafu imetundikwa tangu juma lililopita na iko tupu. Wageni wananiuliza ni ya nini, nami naona aibu kuwaambia kwamba nasubiri mdogo wangu azinduke.

Mama amefariki mwaka mzima na miezi miwili sasa. Nyumba umebaki nayo wewe, sikusema kitu. Umebaki na uwani, na mpera, na ukuta, na wadudu wote. Hata kabati la vioo baki nalo. Mimi nataka hao kumi na mmoja tu. Unajua alivyowapata: kila alipomaliza mwaka kwenye ile kazi ya opereta wa simu alijinunulia ndege mmoja wa kauri, mpaka mwaka wa kumi na moja mashine ilipochukua nafasi yake. Ni mimi niliyeruhusiwa kuwafuta vumbi kila Jumamosi. Wewe ulikuwa uwani unachimbua mchwa. Leo una miaka hamsini na sita na bado uko uwani.

Wafunge mmoja mmoja. Tumia magazeti, usitumie zile pamba zako za kliniki.

Dada yako

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika imebandikwa gundi mara tatu kana kwamba ndani kuna sumu. Nikaifungua, nikaikuta. Mimi sijambo. Karakana inaendelea, juzi nilimaliza seti ya juu na ya chini ya mwalimu mkuu mmoja mstaafu, akacheka mbele ya kioo mpaka ikabidi nimwombe aondoke, watu walikuwa wanasubiri. Msalimie mpwa wangu, na mumewe umwambie shomoro wangu nao hawamkumbuki.

Kuhusu uwani, kwa kuwa umeutaja kwa dharau. Mnana wamejenga upya kwenye mpera. Dume anasuka kiota siku tatu bila kupumzika, jike anafika, anakikagua dakika moja, anakichana, anaondoka. Nimekaa pale na chai yangu nikasema, huyu namfahamu. Nina kindi aliyebaki na nusu ya mkia, na bado anajiona. Nina tetere wawili wanene wanaotembea ukutani kama wenye nyumba. Huko kwako dirishani kuna nini? Uliniambia ni ukuta wa benki.

Kuhusu hao wa kauri, tusemezane kama watu wazima. Umemwajiri seremala apime nafasi ya bata asiyekula, asiyetaga na asiyejua kama uko hai. Utamfuta vumbi leo, kesho vumbi lipo. Halafu unanicheka mimi kwamba nazungumza na shomoro. Shomoro wananijibu, Dada.

Na hata hivyo kabati halifunguki. Mvua za mwaka huu zimevimbisha mbao, milango imekaza kabisa, na nikilazimisha nitavunja kioo. Tusubiri kiangazi.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa ukoo wako wenye manyoya. Mimi mzima. Binti yangu ana mimba ya pili na hataki isemwe, kwa hiyo nakuandikia wewe, najua utawaambia mijusi tu.

Milango ya kabati la Mama ni vioo vitupu. Inateleza kwenye reli za chuma. Haina mbao hata ya kuchokolea meno, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukiipaka grisi, kwa kuwa kazi hiyo nilikuachia. Nimekagua vitambaa kiwandani miaka thelathini na moja. Majora yalipita mbele yangu juu ya meza yenye taa chini yake, na uzi mmoja ukikosekana nilisimamisha mashine, wanaume wazima wakanilaani kwa jina langu na la baba yangu. Leo unaniletea mimi milango ya vioo iliyovimba kwa mvua. Kama ukweli umekushinda, jitahidi basi kwenye uongo. Fanya kazi safi.

Na usinifundishe kipi kiko hai na kipi hakiko. Kila mmoja wa wale kumi na mmoja ni mwaka mzima wa Mama na vile vyombo vya kusikilizia masikioni, akiwaunganisha watu wasiomjua na wasiomshukuru. Akirudi nyumbani alikuwa hataki sauti ya mtu. Alikaa mbele ya kabati akiwatazama ndege wake kwa sababu hawasemi. Wewe wakati huo ulikuwa unakula udongo.

Sina kitu kingine chake. Nguo uligawa zote, miwani hujui ilikokwenda, picha ni zile ambazo amefumba macho. Nataka ndege wake waje wakae nilipo kabla na mimi sijaanza kusahau walivyokuwa. Na nimeona kwamba katika ukurasa mzima wa viota na mikia hukuniambia hata mara moja, njoo uwachukue.

Rafu bado tupu. Nimeanza kuifuta vumbi hivyo hivyo.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Usiseme nimenyamaza, nilikuwa na kazi. Wazee wa mji huu wameamua kung'oa meno yote msimu mmoja, na kila mmoja anataka tabasamu la ujana wake, ambalo kwa picha alizoniletea hakuwahi kuwa nalo. Hongera ya mpwa. Mijusi wamefurahi.

Huku vita ni mimi na paka wa jirani. Jirani mwenyewe ni mhasibu mstaafu, anamfuga kwa samaki wa kuchemsha, na paka anakuja kwangu kutafuta cha kutafuna. Nimempigia bati juu ya ukuta, anateleza. Nimempulizia maji, amenizoea, ananawa. Wiki iliyopita nilimkuta amelala chini ya mpera, shomoro wanatembea mbele ya pua yake, wote wamechoka kuchezeana.

Haya, nakiri milango inafunguka. Lakini vitu vya Mama siwapi watu wa vifurushi. Nimewaona wanavyorusha maboksi kwenye gari, wanacheka.

Ukurasa wa pili ni huu. Unasema huna kitu chake. Miaka miwili ya mwisho alikuwapo mwenyewe, mzima mzima, kwenye kiti cha uwani, na hakuhitaji kufungwa kwenye magazeti. Ulikuja mara moja. Ulilala siku moja, ukaondoka na basi la asubuhi bila kunywa chai. Nilibaki na vikombe vitatu mezani, na Mama akiniuliza cha tatu ni cha nani. Rafu ulikuwa hujaitengeneza wakati huo, nadhani.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo wote. Ukurasa wa pili sikuusoma.

Nitumie korongo, mmoja tu. Akifika salama nitajua na wengine wako salama, nami nitasubiri mpaka uridhike. Asipofika kabla ya Juni kwisha, nitakuja na gari la mkwe wangu, nitafungua hilo kabati kwa mkono wangu, na baada ya hapo mimi na wewe tutakuwa watu wa kuonana misibani.

Dada yako

30 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo tena shikamoo. Natumaini barua hii na kifurushi hiki vinakukuta na afya, na magoti yametulia, na mpwa wangu anaendelea vyema, na mkwe wako pia, na majirani zako wote wa ghorofa ya pili. Huku hali ya hewa ni nzuri. Tetere wameangua. Paka anaumwa.

Huyo korongo wako. Nimemfunga kwa magazeti kama ulivyoagiza, tabaka sita, juu yake blanketi la zamani, juu yake boksi mbili. Nimemfuta vumbi vizuri, usishangae akionekana mpya kidogo. Umri humfifisha mtu macho, na kitu ambacho hujakiona siku nyingi huwa kinaonekana tofauti. Mweke kwenye nafasi yake ndefu umwache atulie. Hao wengine hawana haraka.

Mdogo wako akupendaye

8 Juni

Mdogo wangu,

Sijambo, na wewe hujanipenda kwenye barua tangu ulipokuwa na miaka kumi na mbili ukivunja dirisha la watu. Kwa hiyo nilijua kabla sijafungua boksi.

Nilimweka mezani, nikawasha taa, nikatoa lenzi yangu ya kazini. Shingoni ana mstari mwembamba kama unywele. Mguu wa kushoto ana mistari miwili. Bawa limeunganishwa sehemu nne, na rangi umeipatia, nakupa haki yako. Hayo yote ningeweza kujidanganya kwamba ni uzee. Ila mdomo wake ni mzima.

Mdomo wa korongo wa Mama haukuwa mzima. Nilikuwa na miaka tisa, wewe miwili. Jumamosi, nikimrudisha kabatini, nilimgonga kwenye reli na ncha ya mdomo ikaruka, kipande kama punje ya mchele. Nilikitafuta mpaka jioni, sikukiona. Nikampelekea Mama ndege mkononi, nikasubiri kofi. Hakunipiga. Alimtazama, akamrudisha mahali pake, akamgeuza mdomo uelekee ukutani. Jumamosi iliyofuata akanipa kitambaa cha vumbi kama kawaida. Tangu siku ile korongo alikaa hivyo, amewapa watu mgongo, mpaka nilipoolewa, mpaka mara ya mwisho nilipoliona kabati lile likiwa wazi. Hakumwambia Baba, hakukwambia wewe. Ni kitu kimoja katika maisha yangu kilichokuwa changu na Mama peke yetu, na wewe umekijaza kwa kauri ya magego ya wastaafu.

Umeishi naye nyumba moja maisha yako yote. Hukuwahi hata siku moja kumgeuza uone uso wake. Na ndiwe unayejisifu kwa watu kwamba unajua kutazama ndege.

Nini kimempata? Na wale kumi wako wapi? Niandikie ukweli au usiandike tena.

Dada yako

4 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za uwani, kwa sababu safari hii hizo ndizo habari zenyewe.

Kwanza mdomo. Miaka thelathini kazi yangu ni kuona pengo na kuliziba. Mkono wangu haujui kuliacha. Nilipomuunganisha nikakuta ncha haipo, nikadhani imebaki mchangani. Nilitambaa chini ya mpera siku mbili nikichekecha udongo kwa chekecheo la unga, mhasibu akiniangalia juu ya ukuta na paka wake begani. Kumbe natafuta kitu ulichokipoteza wewe sebuleni nikiwa na miaka miwili.

Walivunjika wote. Wote kumi na mmoja.

Ilianza miezi mitano kabla hajafariki. Nilimkuta asubuhi ametoka nje na yule bata mikononi, amemkumbatia. Akamweka juu ya ukuta mfupi, akachukua mtama jikoni, akammwagia. Nikamrudisha bata kabatini. Kesho yake akatoka na bata, njiwa na kasuku. Siku ya tatu nikafunga milango kwa kufuli. Akasimama mbele ya kioo akilia kwamba wana njaa, na mimi namwambia, Mama, hawa ni udongo wa kuchomwa, na yeye analia. Ilifika saa sita mchana, bado analia. Siku ya nne nikafungua, na ufunguo nikautupa kwenye pipa la taka. Unaweza kunilaumu kwa hilo, sitajitetea.

Basi ikawa kila asubuhi. Aliwapanga ukutani wote, akawamwagia mtama, akawagombeza wasiokula. Nao shomoro wakaja. Wakawa wanakula katikati ya miguu ya wale wa kauri, na Mama hakuwatofautisha. Mtama ukiisha ananigeukia akicheka: "Umeona? Wanakula wakiwa hawatazamwi." Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwaka uliotangulia. Hawa ndege unaowadharau ni wageni wa Mama, Dada. Mimi nilikuwa nawatazama tu na chai yangu, sijawahi kuwapa hata punje. Yeye ndiye aliyewaita, na kama wanakuja mpaka leo ni kwa mwaliko wake.

Kisha wakaanza kuanguka. Bata aliangushwa na kindi. Jogoo aliangushwa na paka. Upepo wa siku moja ulichukua watatu. Bata alipovunjika nilikimbia kukusanya vipande kabla Mama hajatoka, lakini alikuwa amekwisha kuhesabu, akaniuliza bata yuko wapi. Nikasema, "Ameruka, Mama." Nilitegemea kilio. Alipiga makofi. Akasema, "Huyo? Mzito vile? Nilidhani atakuwa wa mwisho."

Wa mwisho alikuwa korongo. Alibaki peke yake siku nane. Kila asubuhi Mama alimweka na kumgeuza, mdomo kule, mgongo kwetu, nami nikiwa nyuma yake namgeuza tena aangalie nyumba, bila hata kumtazama mdomo. Akirudi anamgeuza. Nilidhani ni akili inayokwenda. Barua yako imenikalisha chini kwa hilo.

Siku ya tisa tetere mmoja mnene alitua kichwani mwake, wakaanguka wote, tetere akaruka. Nikamwambia Mama ameruka, na safari hii ilikuwa nusu ya kweli. Akauliza, "Wote wameondoka?" Nikasema wote. Akasema, "Basi kazi imekwisha," akaomba chai. Alifariki siku kumi na sita baadaye.

Siku ya mazishi nililifunika kabati kwa shuka. Ulinisifu kwa heshima hiyo, na ndiyo mara pekee niliyokusikia ukinisifu kwa lolote. Nikashindwa kulifunua.

Vipande ninavyo vyote. Kila ndege ana kisanduku chake, vile ninavyowekea meno ya wateja, na karatasi juu yake. Korongo alinichukua miezi miwili. Tausi sidhani kama anawezekana. Sikukuambia kwa sababu ungesema niliwaacha mikononi mwa mgonjwa makusudi, na ndivyo nilivyofanya.

Sasa zamu yako. Kwa nini uliondoka asubuhi ile?

Mdogo wako

17 Septemba

Mdogo wangu,

Mjukuu amezaliwa salama, wa kike. Analia kama mtu aliyeuziwa nyumba mbovu. Mama yake mzima. Magoti yangu ni yale yale.

Nimekaa na barua yako wiki kumi. Niliandika tatu za kukutukana. Kila moja niliisoma tena, nikaikuta na kasoro, nikaichana.

Umeuliza, nakujibu. Siku ile nilifika jioni, wewe ulikuwa bado karakana. Mama akafungua mlango mwenyewe. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akaniuliza kama nimekuja kusoma mita ya maji. Nikasema, Mama, ni mimi. Akasema mita iko nyuma, pita pembeni, usikanyage maua. Nikapita pembeni. Nikasimama mbele ya mita nimeinama kana kwamba naisoma, kwa sababu alikuwa dirishani ananiangalia na sikujua kingine cha kufanya. Ulipokuja ukanikuta pale ukasema nimependa bustani. Asubuhi nikapanda basi. Nilijiambia nitarudi akipata nafuu kidogo, na wewe na mimi tunajua kwamba nafuu ile haikuwapo. Nilimwogopa Mama yangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Na sikukuambia kwa kuwa ungenionea huruma, nami sikuwa tayari kuonewa huruma na mtu anayempulizia paka maji.

Sasa nisikilize. Usiunganishe mwingine. Mkono wako ni mzuri mno, utanitengenezea ndege ambao Mama hakuwahi kuwa nao. Waache kwenye visanduku. Korongo nimemmalizia mwenyewe: nilichukua tupa ya kucha, nikamsaga ncha ya mdomo, punje moja ya mchele, na kazi yako ya miezi miwili ikaishia kwenye leso. Sasa ni yeye.

Nimemwita seremala, ameing'oa rafu na kuifunga nje ya dirisha la jikoni. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Korongo nimempa nafasi yake ndefu, mdomo ukielekea ukutani, na kwenye nafasi kumi nimemwaga mtama. Siku nne hakuja hata nzi. Nilikaa jikoni nikikulaani. Siku ya tano akaja shomoro mmoja mchafu, mbavu nje, akala nafasi ya tausi, akamnyea korongo kichwani, akaondoka zake. Kama hao ndio unaowasifu kwa kurasa na kurasa, nakupa pole, wewe na waliokulea.

Jana walikuja wanne. Mmoja ameichagua nafasi ya bata na hataki mwenzake aisogelee. Mjinga kabisa, mtama umejaa kila mahali, yeye anapigania hapo hapo. Nimemtazama mpaka chai ikapoa.

Niambie Mama alikuwa akiwawekea saa ngapi. Nataka saa, sitaki "asubuhi asubuhi" yako.

Dada yako

26 Septemba

Dada,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Kwa namna unavyomweleza, atakuwa mkaguzi.

Saa kumi na mbili na nusu. Mtama kwanza, chai baadaye. Ukishamwaga, jifanye una shughuli nyingine. Yeye alikuwa anakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa.

Kuna neno moja nililiacha kwenye barua yangu ya Julai. Nililiacha makusudi. Uliondoka na basi la asubuhi, na nikaona huna haki nalo, nikataka libaki langu. Mita ya maji sikuijua.

Jina lako alilisahau, ni kweli. Langu pia, mimi aliniita fundi mpaka mwisho. Lakini kila asubuhi akishamwaga mtama aliwaambia wale ndege, wa kauri na wa nyama pamoja, maneno yale yale: "Kuleni mmalize. Binti yangu yuko njiani, na yule haachi kitu."

Visanduku viko kumi mezani, nimevifuta vumbi. Njoo ukague.

Mdogo wako